Magazeti Chini ya Godoro

Mtoni, Dar es Salaam
3 Aprili 1979

Kwa dada yangu mpendwa Filomena,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo dada. Mdogo wako Romani nimekaa juu ya gogo, karatasi iko magotini, nakuulizia hali. Goti lako linakusumbua bado kwa baridi ya huko juu Newala? Na lile bomba la maji mliloahidiwa kijijini limefika, au mngali mnateremka bondeni na ndoo? Sisi huku miili ni mizima. Wifi yako Bernadeta anakohoa kidogo, lakini anakohoa huku anagomba, kwa hiyo sina wasiwasi naye. Mvua za masika zimeanza, sabuni haionekani madukani, na sukari tunaisikia kwa majirani.

Najua Mwalimu Marselino anapokusomea hapa, wewe unasubiri jina moja tu. Nitalifikia. Namwomba Mwalimu asome kama nilivyopanga, asikimbilie chini kutafuta, maana ninalotaka kukwambia halisemeki bila kuanzia mwanzo. Ninaogopa, dada. Ninaogopa kwa ajili ya mwanao Kasimiri, na baada yake mtu ninayemwogopa kuliko wote ni wewe.

Hujawahi kufika Dar es Salaam, basi nikueleze kidogo tunavyoishi. Kibanda chetu cha kuchongea kipo kando ya barabara ya Kilwa, makuti juu na mabati mawili mahali makuti yalipooza. Tuko wachongaji sita, wote wa huko kwetu. Kazi hii unaijua kwa baba: gogo la mpingo unalibana kwa nyayo, tezo iko mkononi, na macho hayana ruhusa ya kwenda kwingine. Mtu wa namna hiyo hawezi kushika gazeti. Kwa hiyo tangu zamani hapa kibandani tuna desturi yetu. Kila asubuhi mmoja anaweka tezo chini, anawasomea wenzake gazeti kwa sauti tangu ukurasa wa kwanza mpaka wa mpira, na wao wanampigia msasa kazi yake kama fidia. Msomaji huyo ni mimi, kwa sababu ya yale madarasa manane ya misheni ambayo wewe uliacha shule ili mimi niyapate. Kasimiri naye anasoma vizuri sana, pengine kunishinda, lakini kijana hawezi kuwasomea wazee na mjomba wake yupo.

Gazeti likiisha, mazungumzo ndiyo yanaanza. Jirani yetu Mzee Mwinshehe, Mzaramo wa hapa hapa, ambaye ndiye balozi wetu wa nyumba kumi, anakuja na redio yake kwapani. Hamisa anayetuuzia uji anakuja na habari za foleni. Tunayapika yote matatu, gazeti, redio na foleni, mpaka tunapata kitu cha kumeza. Mwaka huu ungetusikia ungecheka. Mfalme wa Uajemi alipokimbia nchi yake, Hamisa alituuliza mfalme mzima anakimbiaje, mizigo yake anabebewa na nani. Wachina walipoingia Vietinamu hatukuelewa kabisa. Hamisa alitaka kujua kama ni Wachina hawa hawa waliotujengea reli, na Mzee Mwinshehe akajibu kwamba yeye kama balozi hana maelekezo juu ya jambo hilo. Tulicheka siku nzima. Dada, kucheka kwenyewe kulikuwa kwa watu wenye hofu, maana vita vya mbali tulivisema kwa sauti na vya kwetu tulivisema kwa kunong'ona.

Vita vya kwetu vilianza Novemba, ulisikia. Majeshi ya Amin yaliingia Kagera, redio ikasema, gazeti likasema, Rais akahutubia taifa na sisi tumesimama tumeizunguka redio ya Mzee Mwinshehe. Lakini kati yetu yupo Fransis, yule mtoto wa marehemu fundi Lukas unayemfahamu, na mwanawe mkubwa ni askari. Alikuwa ameshapelekwa huko. Asubuhi moja nilisoma habari za nyumba zilizochomwa, daraja lililovunjwa, na watu wasiojulikana walipo. Niliisoma kama ilivyoandikwa, sauti kubwa, kama ninavyosoma kila siku. Fransis hakuinua kichwa. Aliendelea kuchonga, ila mkono ukawa unatetemeka, na tezo ikateleza juu ya mpingo ikamwingia mguuni. Ilimkata karibu na kidole gumba, hata ule mfupa niliuona. Tulimfunga kwa kanga ya Hamisa na tukambeba.

Kesho yake Fransis alikuja akichechemea na mguu umefungwa, akabana gogo kwa mguu uliobaki mzima, akaniambia nisome. Nikafungua gazeti. Nikaitazama sentensi, kisha nikautazama mguu ule mwingine, nikairuka.

Siku ile niliruka sentensi moja tu. Nilijisifu moyoni kwamba nimemsaidia mwenzangu. Wiki ile nikaruka aya. Kisha nikaona pengo linasikika, habari inakatika, basi nikaanza kujaza. Kuna watu wanaotia chumvi, mimi nilitia sukari. Nilisoma kwamba adui anakimbia hata kabla hajakimbia. Nilisoma kwamba vijana wetu wanakula vizuri, wana makoti. Kila niliposoma hivyo mikono ya kibandani ilitulia, tezo zikagonga kwa mpigo mmoja, na Fransis akaanza tena kuimba zile nyimbo zake za jando zisizofaa kuandikwa. Nikaipenda ile sauti, dada. Nikapenda pia kule kuwatuliza kwangu watu kwa maneno. Gazeti nikishalisoma sikuliacha kibandani, maana Fransis ameanza kisomo cha watu wazima na herufi kubwa anazitambua. Nilirudi nalo nyumbani nikalilaza chini ya godoro. Bernadeta akadhani naweka karatasi za kufungia vinyago.

Sasa nakuja kwa Kasimiri. Mwalimu, soma taratibu.

Ilikuwa katikati ya Desemba. Kwenye ofisi ya tawi waliita vijana wa mgambo wajiandikishe. Asubuhi hiyo hiyo, kwa bahati mbaya, nilikuwa nimesoma kibandani kwamba vita vimekwisha nusu na zaidi, kwamba vijana wanaokwenda sasa watabaki nyuma kabisa kulinda madaraja na kupika. Neno hilo halikuwamo gazetini. Nililitunga mwenyewe, kwa sababu usiku wa jana yake Fransis hakulala na nilimwona macho yamemwiva.

Saa nne Kasimiri alirudi kutoka ofisini, akaingia kibandani, akachutama mbele yangu kama inavyompasa mtoto kwa mjomba wake. Hakuja kuniaga, alikuja kuomba. Akasema mbele ya wote kwamba jina lake wameliandika kwa penseli, na mpaka jioni linaweza kufutwa, na yeye hatoki nyumbani kwangu bila ruhusa yangu. Akasema mjomba akikataa, yeye anaketi anaendelea na gogo lake. Mtoto wako ndivyo ulivyomlea. Wenzake wengi walikwenda bila kuuliza mtu.

Dada, neno la kukataa lilikuwa mdomoni. Nilimkumbuka baba yake na lile bomu la Wareno alilolikanyaga kando ya Ruvuma, na jinsi wewe ulivyokaa siku tatu bila kusema. Nilijua vizuri huko Kagera kunavyokuwa, maana nilikuwa nimesoma kila mstari niliowaficha wengine. Pale kibandani pote hapakuwa na mtu anayejua kama mimi. Lakini Fransis alinitangulia. Aliniambia kwa furaha nimwache kijana aende, kwani si nimesoma mwenyewe asubuhi hii kwamba ni kulinda madaraja na kupika? Wote wakanigeukia. Mzee Mwinshehe naye alikuwapo, ameishika redio, na yeye ni balozi, na nikamfikiria mtu anayesema gazeti la Chama halikusema alilolisoma yeye mwenyewe. Mtu huyo anaitwa mzushi. Wakati wa vita mzushi anaulizwa maswali ofisini, na hajui atarudi saa ngapi.

Nikikataa, lazima niseme kwa nini. Nikisema kwa nini, Fransis atajua kwamba mwanawe hali vizuri wala hana koti, na mimi sitasoma tena kibandani, na pengine nitachukuliwa. Hayo yote niliyapima kwa muda wa kumeza mate mara moja. Sikumpima Kasimiri.

Nikamwomba Hamisa unga kwenye kopo lake la uji. Akanipa akidhani natania. Nikachukua kidogo kwa vidole viwili, nikamwekea Kasimiri kwenye paji la uso, nikawataja babu zetu kama babu alivyokuwa akitutajia tukienda safari, nikasema nenda salama. Akainuka na unga usoni, anatabasamu. Fransis alipiga kigelegele kama mwanamke na watu wakacheka. Kasimiri aliondoka kabla ya Noeli, kwenye lori, nyimbo juu.

Ndiyo, dada. Mtoto wako yuko vitani tangu Desemba. Barua yangu ya Januari ilisema anakusalimu, na ile ya mwezi uliopita ilisema anachonga vizuri na amenenepa. Nililiandika hilo kwa mkono huu huu, mwezi ambao sikujua kama yu hai. Mkono ulikuwa umeshazoea.

Tangu hapo sikulala vizuri. Kila asubuhi nililifungua gazeti kwa hofu kama ya Fransis, huku nikisoma kwa sauti mambo mengine kabisa. Macho yanasoma hili na mdomo unasema lile, na katikati yupo Kasimiri. Redio ikitaja Masaka, naisogelea. Ikitaja Mbarara, naisogelea tena. Wakasema Walibya wamekuja kumsaidia Amin, na Mzee Mwinshehe, ambaye ni mtu wa msikitini, akasema yeye hajui tena amwombee nani adhurike. Wiki iliyopita ndege ya adui ilipita Mwanza ikaangusha mabomu. Watu wanasema imeua swala tu kisiwani, wakataka kucheka, lakini Hamisa aliuliza kutoka Mwanza mpaka hapa kwa ndege ni muda gani. Balozi ametuamuru tuchimbe handaki nyuma ya nyumba. Tumelichimba, masika yamelijaza, sasa ni la vyura. Tukisikia ndege yoyote, hata ya abiria, tunatazamana kwanza kabla ya kutazama juu.

Siku kumi na mbili zilizopita alikuja askari mmoja, mkono wake umefungwa shingoni, ameletwa na treni kutibiwa. Aliuliza kibanda cha Wamakonde wa Mtoni, akanipa karatasi iliyokunjwa mara nyingi mpaka imekuwa ndogo kama tiketi. Ni mwandiko wa Kasimiri. Ameiandika Februari. Askari hakukaa, na nilipomuuliza alimwonaje mara ya mwisho, alisema alikuwa akitembea. Sikumwelewa alikuwa na maana gani, na hakutaka kuongeza.

Nakunakilia kipande kile kinachonihusu. Mtoto wako anaandika hivi: "Mjomba, mie nilikuwa nalisoma gazeti kila jioni ukishakwenda kuoga. Nilijua liko chini ya godoro. Nilijua unawaficha wazee kwa ajili ya Mzee Fransis, nikaona vyema, sikusema kitu. Ile habari ya kulinda madaraja na kupika niliisikia siku ile ile kwenye foleni watu wakikunukuu, nikaitafuta katika gazeti la ofisi ya tawi, sikuiona. Ndiyo maana nilikuja kukuomba ruhusa. Nilisema mjomba anaijua habari ya kweli, atakavyoamua ndivyo. Ulivyoniwekea unga nikajua umeona mbele kuna usalama. Hata sasa huku tukipigwa nakumbuka hilo, nasema mjomba anajua, halafu siogopi sana."

Hayo ndiyo maneno yake. Sikupunguza wala sikuongeza.

Nilisoma karatasi ile nimesimama, nikaanguka kitako. Bernadeta alinimwagia maji kichwani. Kijana alijua ninadanganya watu wote, dada, akaamini kwamba yeye simdanganyi. Alikuja kwangu kuchukua ukweli, nikampa unga.

Kesho yake nilibeba magazeti yote niliyoyaficha, mzigo mzima, nikauweka katikati ya kibanda, nikawaambia. Nilidhani Fransis atanipiga, na ningefurahi. Aliuliza tu toka lini. Nikamwambia toka ule mguu. Akautazama mguu wake, kovu lipo, akasema niyasome yote upya tangu Novemba, kama yalivyo. Nikasoma siku tatu. Wote waliweka tezo chini. Ndiyo mara yangu ya kwanza kusoma pale bila kusikia mlio wa kazi, na sauti yangu niliiona nyembamba sana. Mzee Mwinshehe alizima redio akasikiliza, na mpaka leo hajanipeleka popote. Nilipomaliza, Fransis alihamishia gogo lake upande wa pili wa kibanda. Hatusemezani ila kwa salamu. Asubuhi bado wananiambia nisome, lakini sasa kila mmoja anachonga vitu vidogo vidogo, vijiko na vitana, kazi ambayo mkono ukitetemeka haikati mtu.

Habari za mwanawe hazijaja. Za Kasimiri baada ya Februari pia hazijaja. Watu wanasema majeshi yetu yako karibu kabisa na Kampala, na huenda mwezi huu huu mambo yakaisha, na gazeti safari hii linasema hivyo kweli, nimelisoma mara mbili. Lakini sitakwambia atarudi. Sijui, dada. Hilo ndilo jambo lote ninalolijua.

Gogo lake lipo. Alikuwa anachonga watu waliobebana, amefika kwenye mabega ya yule wa tatu. Kwa desturi hakuna anayegusa kazi ya mwenzake, lakini mpingo ukiachwa ukauke unapasuka, kwa hiyo nimeufunika gunia na kila asubuhi naumwagia maji. Hiyo ndiyo kazi ninayoweza kumfanyia.

Wewe ni dada yangu mkubwa. Ukitaka nije huko nisimame mbele ya ukoo, andika, nitapanda basi siku hiyo hiyo, ingawa barabara ya kusini masika haya anaifahamu Mungu. Ukitaka nisije kabisa, andika pia. Mjomba ndiye anayeulizwa habari ya mtoto, na mimi sina mtu wa kumsukumia.

Sasa namgeukia Mwalimu Marselino. Ndugu Mwalimu, nakufahamu, wewe ni mtu mpole. Najua umefika hapa na dada amekaa mbele yako kwenye mkeka, na huenda tangu kule katikati ulianza kutafuta maneno mengine. Pengine umeshayaruka baadhi. Umemtazama usoni, ukaona afadhali. Nakuelewa kuliko mtu yeyote. Nakuomba, rudi juu, anza tena, umsomee kama nilivyoandika.

Nisalimie watoto wa mjini na wa mashambani, nisalimie Benedicta na mumewe, nisalimie jirani zako wote wanaoniulizia. Bernadeta anakusalimu kwa machozi. Hamisa, ambaye hujamwona, anakusalimu na anasema unga ule ulikuwa wake na yeye pia hajalala. Fransis nilimwambia nakuandikia, akaniambia niandike kwamba naye yupo.

Kasimiri hakusalimu leo, dada. Hayupo hapa.

Ni mimi mdogo wako,
Romani